Miaka Miwili ya Kupendwa kwa Siri

Wazazi wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba mara tatu nisimame hapa, na mara mbili nilijifanya nina kikohozi. Leo sina kikohozi. Majina sitataja, maana wengine bado nafanya nao kazi.

Mie ni mzaliwa wa Tandale. Marehemu baba alitoka Ruvuma, akabeba magunia pale sokoni mpaka mgongo ukamkatalia. Nilipata kazi kwenye duka kubwa la vigae na masinki kule Msasani, wenyewe ni Wahindi wa hapa hapa Dar. Nilianza kwa kufuta vumbi kwenye vigae. Baada ya miaka minne nikawa ndiye muuzaji ambaye mafundi wakifika wanamuulizia kwa jina.

Pale hakuna aliyeandika sheria, lakini mchana Wahindi walikula juu ghorofani, sie weusi tukala chini, nyuma ya stoo. Nilikuta hivyo, nikazoea.

Mchoraji wa ramani za majiko na mabafu alikuwa kijana Mgoa, asili yao India, ila yeye kazaliwa Upanga na Kiswahili chake kinanishinda hata mie. Ni Mkatoliki kama mie, kwa hiyo nyie mnaotaka kuuliza habari za dini, tulieni. Siku moja mteja mmoja alinipita kana kwamba mie ni nguzo, akamfuata yeye na maswali yake. Akamjibu, "Muulize dada huyu. Yeye ndiye anayejua, mie nachora tu." Ndugu zangu, nawaambia, nilimpenda siku ile ile.

Naye akanipenda. Lakini akasema, "Tusubiri kidogo kabla ya kuwaambia watu. Mama ana presha, na bosi ni rafiki wa familia." Nikakubali. Hiyo kidogo ikawa miaka miwili.

Kazini aliniita dada, kama alivyowaita wote. Jumapili tulisali misa moja, yeye mbele na mama yake, mie nyuma. Padri akisema tutakiane amani, aligeuka akawapa mkono watu wote wa karibu, na kwangu hakufika.

Wenzangu wa chini walinusa. Wakaanza kuniita mama wa ghorofani. Nikikaribia kula, mazungumzo yanakatika, na kiti nilichokuwa nakaliaga kimewekwa mikoba. Juu sikuwa na kiti tangu mwanzo.

Ndipo ikatoka nafasi ya msimamizi wa mauzo. Kikaoni bosi akasema wateja wakubwa wanataka mtu wanayeendana naye. Hakutaja rangi. Hakuwa na haja ya kutaja. Nikamwangalia yule mpenzi wangu, ambaye alijua fika nani anauza michoro yake. Akaangalia kalamu yake.

Tangu siku hiyo, kila mchana niliingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya maboksi. Nilikonda mpaka sketi inanizunguka kiunoni. Kuacha kazi siwezi, mama ananitegemea. Kumwacha yeye siwezi, nampenda. Kusema siwezi, nimeahidi. Mlango niliufunga mwenyewe kwa ndani, na bado sikuona pa kutokea.

Siku moja mtunza stoo akagonga. Dada huyu ndiye aliyekuwa akinicheka kuliko wote.

"Fungua, nataka gundi ya vigae."

Nikabaki juu ya maboksi.

"Basi nasubiri." Nikamsikia anakaa chini, kule nje. Baadaye akauliza taratibu, "Ni kweli, eh?"

"Kweli."

"Anakupenda?"

"Anasema ananipenda."

"Anasemea wapi?"

Nikaanza kuhesabu. Kwenye gari. Kwenye simu. Hakuna hata mahali pamoja penye watu. Nikafungua mlango.

Mchana huo huo nilimwita yule mwanamume pale mbele ya duka, watu wanapita. Nikamwambia, "Nakupenda, lakini sifichwi tena. Mie na wewe basi."

"Nipe muda."

"Nimekupa miaka miwili."

"Unataka nimuue mama yangu?"

"Nilitaka unipe mkono kanisani."

Nikapanda ghorofani, mtunza stoo akanisindikiza mpaka mlangoni kwa bosi. "Shikamoo bosi. Naomba uniambie, hao wateja wanaotaka mtu wa kuendana naye ni wepi? Maana wanaonipigia simu mie ni hao hao." Akasema atafikiria.

Wiki tatu nilisubiri barua ya kufukuzwa. Ya nne, kwenye kikao cha Jumatatu, mchoraji akasimama. "Siku ile nilinyamaza," akasema. "Michoro yangu yote ameiuza yeye. Nilinyamaza kwa woga, kwa sababu ni mwanamke ninayempenda." Bosi akakohoa, akasema tuendelee na ajenda. Baada ya miezi miwili, nafasi nikapewa mie.

Msidhani nilimkimbilia. Aliomba turudiane, nikamkalisha miezi sita bila jibu, mpaka nilipoona haogopi tena kuonekana nami mchana. Tukaoana, tukahamia huku Bunju. Mama yake hakuja harusini. Alikuja mtoto alipotimiza siku arobaini, akampakata saa nzima. Marafiki bado hatujawa. Ila anakuja.

Namshukuru yule dada wa stoo aliyekaa sakafuni kunisubiri. Namshukuru mama yangu, ambaye nilipomweleza yote aliuliza tu, "Mbona ulikaa nalo peke yako?" Na nyie wa kikundi hiki, mlionipokea na mume wangu bila kutukodolea macho, asanteni.

Nililojifunza ni dogo. Anayekupenda gizani tu anakupunguza kila siku, hata kama hana nia mbaya. Na kama hapa yupo mwenzangu aliyefichwa, asiseme leo mbele za watu. Nikitoka hapa naenda kuosha vikombe vya chai. Aje tuoshe wote.