Kigingi cha Katikati ya Shingo

Muuguzi alijifanya amesinzia, maana umbea wa kwenye treni hunoga ukifumba macho. Mbele yake seremala alikuwa amepakata banjo kuukuu, ala ya nyuzi yenye tumbo la duara, aliyoinunua asubuhi, akimwonyesha mzee mmoja mpiga banjo aliyekaa pembeni.

"Nzuri, mzee wangu, ila mwenyewe wa zamani alikuwa kichwa maji. Ona, kapigilia kigingi katikati ya shingo. Nikifika karakana nakikata kwa msumeno, naziba tundu."

Mzee akakohoa. "Mwanangu, banjo imezaliwa nacho. Uzi wa tano ni mfupi, unaanzia hapo."

"Wenzake wanne wako juu kichwani. Huyu kapotea njia?"

"Ukikikata, utabaki na kikaango."

"Mzee, mimi na mbao hatukukutana jana. Kazi mbovu naijua."

Muuguzi akachungulia kwa jicho moja, akameza kicheko, kwani fundi mwenyewe alikuwa ameipakata banjo kinyumenyume.

Treni ikasimama. Seremala akaaga, akashuka. Mzee, ambaye tiketi yake ilikuwa ya kituo cha mwisho, akashuka naye, huku kaifumbata ile shingo ya banjo. Muuguzi akafumbua macho yote mawili, akasogea dirishani. Mmoja alikuwa anaivuta banjo kuelekea karakana, mwingine anaivuta kuelekea benchi la kituo, akaipige.