SSD Mpya, Ubao wa Zamani

Ukimtafuta fundi wa kompyuta Mafinga, usihangaike na maduka. Kaa kwenye benchi la mabanzi pale malori ya mbao yanapokata kona, nunua kahawa, subiri Kulwa ajitaje. Atajitaja. Mji unamwita Giga, na shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu, anasema, walimu walimwishia. Leo kaja na kompyuta yake begani kama gunia la viazi, na mkononi SSD mpya, ile diski ya kuipa kompyuta kasi, nyembamba kama biskuti, aliyotumiwa na Nirav mwenye duka Mbeya. Masharti: isipofaa, irudi na basi la mchana, ukichana mfuko, imekuwa yako. Na video ya harusi ya Yudith, anayoihariri yeye, inasubiriwa ukweni Jumamosi, wakati kompyuta inaitafuna kama kibogoyo na muwa.

— Itaingia? aliuliza Kalinga seremala, maarufu Randa.

— Mimi nikiiambia iingie, nani ataikatalia?

Moyoni Giga alikuwa anasali.

Randa alichomoa futi, akaipima juu ya mfuko.

— Sentimita nane, pengo moja. Jino la ubao wa ndani ya kompyuta likiwa upande wa pili, naipiga tupa, nachonga pengo lingine. Haba na haba hujaza kibaba.

— Tupa kwenye SSD? Unadhani hii droo?

— Kila kitu ni droo, mdogo wangu. Kasoro jeneza.

Silvester, dereva wa lori anayeitwa Tunduma kwa kuwa kila hadithi yake inaanzia huko, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Washamba nyie! Tunduma wanaipasha kwanza kwenye ekzosi. Ikilainika, inajikunja kufuata ubao. Samaki mkunje angali mbichi!

— Umeshaipasha, ubichi uko wapi? aliuliza Randa.

— Ubichi wa ndani!

Giga hakubali kuzidiwa uongo kwenye benchi lake.

— Mmekwama hapo hapo. Hii unailaza kando ya kompyuta, zinazoeana harufu. Ubao unaikubali wenyewe, kama ng'ombe mgeni zizini.

— Ng'ombe mgeni si hupigwa pembe? aliuliza Tunduma.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Giga alifunga hoja, akakamata mfuko ili auchane.

— Kamwene!

Alikuwa Yudith, bibi harusi mwenyewe, na kanga mpya.

— Kamwene, dada! Video yako imebakiza chumvi tu. Nafunga hiki kidude hapa.

— Unakichomeka wapi?

— Ndani huko.

— Ndani wapi?

Giga aliuweka mfuko kando. Randa akatoa sarafu, akalegeza skrubu, akavuta kifuniko. Vichwa vitatu viliingia kwa mpigo, vikagongana. Vumbi, feni, nyaya, vumbi tena. Walipekua ubao kona kwa kona kama watu waliodondosha sindano. Matundu yalikuwepo, ila la kuingia biskuti hakuna, hata la kubahatisha.

— Wapi, Kulwa?

Tunduma alichungulia kikombe chake. Randa alirudisha futi mfukoni taratibu. Barabarani basi la mchana lilikuwa linapunguza mwendo kuingia stendi.

Giga alichomoka na mfuko, mzima bado, simu sikioni, ndala zikipiga kofi lami.

— Halo, Nirav kaka! Sikia, nina mteja hapa, hajui kitu kabisa, masikini. Kumbe ubao wake hauna hata tundu! Sasa mnazo zile za kuunga kwa waya? Nimwambieje?