Siku ya Kumuaga Fundi Aliyemwosha Mwanangu Miguu

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu; Mchungaji, pamoja na wazee wa kanisa mlioambatana naye; Bi Muuguzi Mkuu na wauguzi wote; ndugu wageni waalikwa; wafanyakazi wa karakana ya viatu; wazazi wenzangu, nanyi watoto mliokaa hapo mbele; na wewe, Fundi Taratibu, ambaye tangu asubuhi unautazama mlango kama mtu anayetaka kutoroka: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa upendo.

Kazi yangu ni ususi. Nimezoea kuzungumza na watu walionipa kisogo. Leo ni mara ya kwanza nazungumza na watu wengi hivi wanaonitazama usoni, kwa hiyo mkiona natetemeka, mnivumilie.

Wasemaji walionitangulia wamesoma takwimu: miaka thelathini na moja ya utumishi, maelfu ya viatu. Mimi nitazungumzia jozi moja tu.

Binti yangu alizaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani, zinatazamana kama watu wawili wanaonong'onezana. Mkunga aliniambia pale pale kwamba jambo hilo linatibika. Lakini nilipofika nyumbani, mama mkwe wangu alifunua khanga, akatazama, akafunika. Akasema, "Kwetu hatuzai hivi." Hakupandisha sauti. Aliniletea uji, akanikanda mgongo, akaniogesha kama mwanawe wa kumzaa. Ila miguu ile hakuigusa, na wageni walipokuja aliniambia nibaki chumba cha ndani, niseme mtoto amelala.

Mume wangu ni mchomelea vyuma. Ni mtu wa maneno machache, na siku zile hata hayo machache yalikauka. Nikajua nimebaki peke yangu.

Nikaenda kwenye kikundi chetu cha maombi, maana mtu akizidiwa aende wapi? Nisemayo sasa, Mchungaji, nayasema kwa upendo, na ruhusa umenipa. Mama mmoja pale alinishika mkono, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, kuna nini hujakiungama?" Nikaungama. Nikarudi nyumbani, nikakumbuka mengine, wiki iliyofuata nikaungama tena. Nilikiri uongo wa utotoni, nikakiri hasira, nikakiri wivu. Dhambi zilipokwisha nikaanza kukiri hata ambazo sikuwa nimezitenda, ilimradi miguu ya mwanangu inyooke. Na kila nilipofungua khanga, ilikuwa vile vile.

Ndugu zangu, mnajua uzito wa kuamini kwamba Mungu amekukasirikia kupitia miguu ya mtoto mchanga? Niliubeba miezi minane.

Siku ya chanjo, muuguzi alifungua vitambaa nilivyomfunika navyo miguu, akanitazama, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Akanishika bega, akanipeleka mwenyewe hadi kwenye chumba kilichopakana na karakana, mahali watoto wanapofungwa plasta. Ndani kulikuwa na harufu ya gundi na ngozi. Mwanamume mwenye aproni iliyochakaa aliinua kichwa, na badala ya kunisalimu mimi akamsalimu mtoto. "Karibu, bibie. Umetembea mbali?" Nusura nicheke, halafu machozi yakanitoka.

Kabla ya plasta, miguu lazima iwe safi. Kazi hiyo angeweza kuniachia. Lakini alichukua beseni, akachanganya maji ya moto na ya baridi, akayapima kwa kiwiko, akapiga goti sakafuni na kuanza kuosha nyayo zile ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa isipokuwa mimi. "Taratibu," akawa anasema. "Taratibu, bibie, hatuna haraka." Hata kidole cha mwisho hakukiruka.

Nikamwuliza, "Fundi, hii ni dhambi ya nani?"

Hakushtuka. Nadhani aliwahi kuulizwa mara nyingi. Alisema, "Mama, swali hilo ni la zamani. Wanafunzi walimkuta mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana nani alikosea, yeye au wazazi wake. Akawaambia si yeye, wala si wazazi. Lakini hakuishia kwenye kujibu. Aliinama chini, akachukua udongo, akaanza kazi. Mimi si msomi wa Maandiko. Ila hapo pa kuinama nimepaelewa."

Habari hiyo niliijua tangu utotoni, nikiwa nimekaa kwenye mikeka ya watoto kanisani. Sikuwahi kufikiri inanihusu. Siku ile, mbele ya beseni, niliamini kwa mara ya kwanza kwamba hakuna aliyenikasirikia mbinguni.

Tukaanza. Kila wiki plasta mpya, na kila wiki mguu unasogezwa kidogo. Wiki ya tatu mama mkwe aliiona plasta. Akaifunika. Lakini plasta zilipokwisha, siku ya kuvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma ili miguu isipinde tena, nilikuwa nimeketi karakanani na mtoto mapajani, nikaona mlango umejaa. Alikuwa yeye, amevaa nguo yake ya kanisani.

Fundi akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuja kusalimiwa. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Mnamfunga vyuma kama mnyama. Kama Mungu ndiye aliyempinda, wewe ni nani wa kumnyoosha?"

Mimi nilikuwa tayari kusimama. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumjibu mama yule, na siku hiyo niliyakusanya maneno ya kutosha. Lakini fundi alivuta kigoda, akakifuta kwa aproni, akakiweka mbele yake. "Mama, umefika wakati mzuri," akasema. "Mikono yangu imejaa. Nisaidie kushika mguu huu wakati nafunga mkanda."

Mtu akikuomba msaada mbele ya watu, utakataaje? Alikaa. Akanyoosha mkono, akashika mguu wa mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Mtoto akakunja vidole, akakibana kidole gumba cha bibi yake. Basi. Sikuona kingine zaidi ya hapo. Lakini mama mkwe wangu aliinama juu ya mguu ule, mabega yakaanza kutikisika.

Alipoweza kusema, alisema hivi: "Nilikuwa na mwingine. Kabla ya baba wa huyu. Miguu yake ilikuwa hivi hivi."

Sikuwa nimejua. Mume wangu naye hakujua kwamba aliwahi kuwa na dada. Waliomzunguka mama mkwe enzi hizo walimwambia amfiche, akamficha. Mtoto aliishi miaka miwili ndani, homa ikamchukua, wakamzika kimya kimya, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja. Mama yule aliishi miaka arobaini akihesabu makosa yake, kama nilivyohesabu yangu, akitafuta ni lipi lililofanya vile. Sauti aliyoniambia nayo "kwetu hatuzai hivi" haikuwa ya dharau, ndugu zangu. Ilikuwa ya hofu.

"Kwa hiyo haikuwa mimi?" akauliza.

"Haikuwa wewe, mama," fundi akajibu. Kisha akauliza swali ambalo mimi, na elimu yangu yote ya kusikiliza watu saluni, nisingeliwaza. "Alikuwa anaitwa nani?"

Akalitaja jina. Baada ya miaka arobaini, akalitaja kwa sauti, kati ya visigino na gundi. Jina lile ni la familia yetu, mniruhusu tulitunze.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alisimama kwenye kikundi cha maombi, akasema ana jambo la kuungama. Wote wakanigeukia mimi, kwa mazoea. Akawaambia, "Msimwangalie huyu. Nilimnyima mtoto wangu jua, kwa sababu niliwaogopa watu kuliko Mungu. Nikataka kumnyima na mjukuu wangu." Yule mama aliyewahi kuniuliza kile nisichokiungama alivuka chumba, akaja akaketi miguuni pangu. Tulilia tu, tukacheka, tukalia tena.

Na mume wangu? Alikuja karakanani siku moja mchana, akauchukua ule ufito wa chuma, akaugeuza geuza, akamwambia fundi, "Uchomeleaji huu ni mbaya." Mengine mnayajua, mwaka wa sita huu, fito zote za karakana hii anachomelea yeye.

Sitaki mdhani kila kitu kilinyooka. Mikanda ilimchubua mwanangu, alilia, majirani walisema. Niliwahi kumwuliza fundi kuhusu watoto ambao miguu yao hainyooki, hata wakiombewa, hata wakitibiwa. "Wale nawashonea kiatu kinachoufaa mguu walio nao," akasema, "na habari ya Bwana nawaambia ile ile." Wazee wangu wa kanisa, nawaomba neno hilo tulibebe hadi majumbani. Kuna chumba cha ndani katika nyumba gani leo? Nani yumo, na nani amemwambia mama yake kwamba ni kosa lake?

Fundi Taratibu, binti yangu ana miaka saba. Anakimbia, na viatu anaviharibu haraka kuliko tunavyoweza kununua. Nilitaka mama mkwe wangu asimame hapa azungumze yeye. Amekataa, anasema hawezi kuongea bila kulia. Lakini amenituma.

Wazazi mnaokuja hapa Jumanne, siku ya plasta, mnamfahamu. Ndiye yule bibi anayekaa benchini na akina mama wapya, anayewaomba awashikie watoto. Amesema nikuambie hivi: "Mwambie fundi aende akapumzike bila wasiwasi. Beseni nimelichukua mimi. Maji nitayapima kwa kiwiko, na kila mama atakayekuja nitamwuliza jina la mtoto kabla sijamwuliza jambo lolote."

Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mchana huu. Mungu awabariki, na ambariki fundi wetu.