Gwamaka Yesaya Mtafya, Mwanzilishi wa Farasi wa Tyubu (1974–2025)

Ndugu waombolezaji, mtu tunayemsindikiza leo alikuwa mwema, na alituchosha. Mjane wake, Restuta, ameagiza yasomwe yote mawili. Maneno haya yaliandikwa na mdogo wa marehemu, Isaka, na kila alipotia sukari, Restuta aliifuta.

Gwamaka Yesaya Mtafya alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Isongole, Ileje, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Yesaya Mtafya na Mama Gwantwa, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu huomba ruhusa ya jambo akiwa ameshalimaliza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari ya bweni mkoani Mbeya hadi 1992. Huko ndiko alikoharibikiwa. Katika kitabu cha historia aliona picha ya wapiganaji wa Ulaya ya kale, wamevaa chuma mwili mzima, wanakimbiliana juu ya farasi kwa mikuki mirefu, kila mmoja akitaka kumwangusha mwenzake mbele ya mfalme. Picha hiyo haikumtoka tena. Kwenye mtihani aliulizwa sababu za Vita vya Majimaji, akajaza kurasa tatu za farasi. Mwalimu alimwita akamwambia, "Gwamaka, nimekuuliza Majimaji, umeniletea farasi." Alipata sifuri na hakujuta.

Mwaka 1994 alishuka Tunduma akajifunza ufundi wa matairi ya malori, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Madereva wa pande zote mbili za mpaka walimwamini, na wa Nakonde, upande wa Zambia, walimvukia makusudi. Mikono yake haikuwa na ubishi. Kichwa chake ndicho kilichokuwa na ubishi.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa kanisani Itumba na Restuta, binti wa Mzee Eliudi Mbonile. Walijaliwa watoto watatu. Restuta alikuja na godoro zuri la inchi sita, zawadi ya baba yake, na tunaomba mlikumbuke kwa dakika moja tu, maana halikudumu.

Mwaka 2011 Gwamaka alianzisha mchezo aliouita Farasi wa Tyubu. Kwa kuwa farasi hatuna, alifunga tyubu nne za lori chini ya ubao, akapata chelezo. Mchezaji anasimama juu yake, ameshika ngao ya kifuniko cha pipa na mwanzi mrefu wenye sifongo kwenye ncha. Vyelezo viwili vinavutwa kwa kamba kutoka kingo mbili za bwawa letu la kijiji, vinapishana katikati, na hapo kila mmoja anamsukuma mwenzake aanguke majini. Sifongo ilitoka kwenye godoro la Restuta. Aliporudi kutoka kwa dada yake alikuta nusu yake, na mumewe akimweleza kwamba nusu iliyobaki inamtosha mtu mwembamba.

Mchezo ulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, raundi ni tatu na hakuna kuondoka kabla ya ya tatu. Ya pili, wachezaji huvaa kofia za bodaboda zenye vioo vyeusi na huitwa kwa namba tu mpaka mwisho, kwa sababu wale wa kwenye picha nao walifunika nyuso. Kanuni hiyo Restuta aliipinga siku ya kwanza. Alimwambia, "Baba Tumpe, hapa kila mtu ni mkwe wa mtu. Utakuja kumwangusha usiyepaswa hata kumgusa." Gwamaka akamjibu kwamba majini hakuna ukwe.

Ukwe upo, hata majini. Kwetu mtu na baba wa mkewe huheshimiana kwa kukaa mbali: hawagusani, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani kijana ndiye hupisha. Tarehe 7 Julai 2018, mbele ya kijiji kizima, Gwamaka alimsukuma Namba Tisa kifuani katika raundi ya kwanza, akaanguka chali majini. Kofia ikavuka. Alikuwa Mzee Eliudi Mbonile, wakati huo ana miaka sabini, aliyepanda basi dogo kutoka Itumba bila kumuaga mtu.

Gwamaka alitupa mwanzi, akajitosa, akambeba mkwewe mgongoni hadi nchi kavu, akafunga mashindano palepale. Mzee alirudi Itumba na nguo zinazotiririka maji, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwa mkwewe.

Gwamaka alipeleka wazee na ng'ombe wa kuosha kosa. Ng'ombe akarudishwa. Mwaka uliofuata alipeleka mbuzi na blanketi, navyo vikarudi. Kwa miaka zaidi ya sita Restuta alikuwa njiani kati ya Isongole na Itumba, Krismasi mbili katika siku moja, akibeba maneno yasiyofika popote. Mumewe alimwambia, "Kamuulize baba anataka nini." Baba yake akamjibu, "Anajua mwenyewe." Alipomrudishia mumewe jibu hilo, naye alisema hajui, kisha akamtuma tena.

Mwezi Machi 2024 figo za Gwamaka zilianza kushindwa. Alitibiwa wilayani, kisha Mbeya. Mwezi Aprili mwaka huu madaktari walimwambia Restuta ajiandae. Alikwenda Itumba, akakataa kiti alichopewa, akamwambia baba yake, "Baba, mume wangu anakufa, na mimi nimechoka. Njoo umwambie mwenyewe unachotaka, au usije hata kuzika."

Mzee alikuja hospitalini. Gwamaka alijaribu kuinuka, akasema, "Baba, nisamehe kwa kukuangusha."

"Kuangushwa nilikuja kuangushwa," Mzee akasema. "Kanuni yako ni raundi tatu. Wewe ukanibeba mbele za watu kama mtoto aliyejikojolea, ukafunga mchezo. Raundi zangu mbili ziko wapi?"

Gwamaka alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Restuta hakucheka. Aliweka chini chupa ya uji, akatoka barazani, akalia kwa hasira. Miaka yote ile, na ng'ombe yule, na nauli, kwa sentensi moja ambayo wanaume wawili wazima walishindwa kusemezana. Alijipanga arudi ndani awaambie. Alipofika mlangoni alimkuta baba yake ameketi kitandani, amekiegemeza kichwa cha mkwewe kifuani pake, anamnywesha uji kidogo kidogo. Kwa desturi yetu hilo halifanyiki. Restuta alisimama pale mlangoni mpaka kikombe kikaisha, na aliyotaka kusema hakuyasema.

Walipatana wacheze Desemba, jambo ambalo wote watatu walijua haliwezekani. Gwamaka alifariki Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Restuta, watoto watatu, Tumpe, Lusungu na Lucky, ndugu wanne, na Mzee Eliudi Mbonile, aliyekataa tumwandike baba mkwe na kutuagiza tuandike mpinzani wake.

Bwana ampokee Gwamaka, apumzike kwa amani. Na Restuta naye, ndugu zangu, sasa aachwe apumzike.