Mama Brashi na Ukuta Uliokataa Kuanguka

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha sanaa katika shule yetu ya sekondari, Mama Brashi anastaafu. Jina lake kamili limeandikwa kwenye ratiba ya sherehe kwa faida ya mgeni rasmi. Sisi wengine hatulihitaji, na wapo walimu ambao wangelisikia likiitwa wangegeuka kuangalia ni nani huyo.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye mkoba mzito kuliko yeye, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, kimepakana na maktaba. Mimi mkutubi ndiye jirani yake tangu siku hiyo, na ndiyo maana nimetwishwa mzigo wa kuandika wasifu huu. Ujirani wetu haukuwa wa raha mustarehe. Vitabu vyangu vya jiografia vina alama za vidole vyake vya rangi ya chungwa hadi leo, na kila nilipolalamika aliniambia kwamba ramani zile zilikuwa zimepooza mno.

Mama Brashi hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Aliazima tu bila kuuliza. Sufuria kubwa ya jikoni iliazimwa kutilia rangi vitambaa, ikarudishwa ikiwa imeoshwa vizuri, kwa maelezo yake mwenyewe. Siku iliyofuata shule nzima tulikula wali wa buluu. Mpishi alinuna muhula mzima, na mkuu wa shule aliyekuja kuwapatanisha alisema maneno ya busara sana kwa ulimi wa buluu. Mlinzi wa getini naye aliwahi kuketishwa darasani ili kidato cha tatu wamchore, kwa kuwa, alivyoeleza Mama Brashi, hakuna mtu shuleni anayejua kutulia kama yeye. Kweli alitulia. Alilala fofofo, na huku nyuma mbuzi wa majirani wakaingia wakamaliza maua yote ya mbele ya ofisi.

Hayo yalikuwa madogo. Mwaka wake wa kumi na tisa, bodi ya shule ilitaka somo la sanaa lifutwe na chumba chake kigeuzwe cha kompyuta. Mama Brashi hakulia mbele yetu, ila kwa siku kadhaa hakuazima kitu, tukajua mambo yamemfika shingoni. Kisha akaenda kwa mkuu wa shule akaomba nafasi moja tu: mwenyekiti wa bodi aje siku ya wazazi, atazame mchezo wa kuigiza wa wanafunzi, ndipo akate shauri. Akakubaliwa.

Mchezo ulihusu familia mbili jirani zilizogombana hadi zikajenga ukuta kati yao. Mwishoni watoto wanausukuma, ukuta unaanguka, watu wanakumbatiana. Ukuta wa majaribio, wa karatasi na fito, ulikuwa umeanguka mara mbili kabla hata ya ugomvi kuanza. Kwa hiyo Mama Brashi akamwomba mzazi mmoja, fundi mwashi mwenye binti kidato cha pili, awatengenezee ukuta wa jukwaani usiotikisika. Kwamba mwishoni uanguke, hilo alisahau kumwambia. Kisha akasafiri kumwona mdogo wake aliyejifungua, na fundi akabaki na ufunguo wa ukumbi, tofali, saruji na moyo wa kujitolea.

Aliporudi, siku moja kabla ya onyesho, ukuta ulikuwa umekwisha kusimama, na wanafunzi walikuwa wameupaka rangi wakidhani mwalimu anajua. Aliugonga kwa kidole, akashika kidole. Mkuu wa shule alitaka fundi aitwe aubomoe papo hapo. Lakini fundi alikuwa ameshaalika ukoo mzima, mashemeji kwa wajomba, waje kuona kazi yake, na Mama Brashi akasema hana moyo wa kumwaibisha mtu aliyejitolea. Akawaambia waigizaji wakifika pale wafanye watakavyoona inafaa. Kwa vijana wa sekondari, hayo ni maagizo ya hatari.

Siku ya siku, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa bodi aliketi mbele na uso wa mtu aliyekuja kuzika. Ikafika sehemu ya mwisho, watoto wakausukuma ukuta. Wakausukuma tena. Kijana mmoja, ambaye hajawahi kuruka neno lake hata kidogo, akasogea mbele akatangaza kwa sauti kuu: “Ukuta umeanguka!” Nyuma yake ukuta ulikuwa umesimama kama ulivyojengwa. Fundi aliyekuwa safu ya tatu, katika suti yake, akashindwa kuvumilia, akainuka: “Hauanguki huo! Nimeujenga mimi!” Mkewe akawa anamvuta koti huku amejifunika uso kwa mtandio.

Tulicheka tukasahau tumekuja kufanya nini. Ndipo binti wa fundi, aliyeigiza mtoto wa jirani, akavuta meza, akapanda juu ya ukuta alioujenga baba yake, akampa mkono mgomvi wake na kumvusha. Mmoja baada ya mwingine wakavuka wote, na bibi wa kwenye mchezo alisukumwa kwa nyuma na wazazi wawili waliotoka kwenye viti vyao kusaidia. Mwenyekiti alikuwa anafuta machozi kwa tai. Aliuliza ni nani aliyebuni mwisho ule, na Mama Brashi akajibu, uso mkavu kabisa, kwamba waliufanyia mazoezi muhula mzima.

Somo halikufutwa. Wazazi nao walinogewa: mama mshonaji akachukua mavazi, msusi akachukua nywele za bandia, na fundi mwashi akapewa kazi zote isipokuwa kujenga. Ukuta uko jukwaani hadi leo kwa sababu anakataa kuubomoa, na visa vya michezo yetu yote tangu hapo vinatokea uani kwa mtu.

Alipotangaza kustaafu, hofu yake ilikuwa ileile: kwamba akitoka tu, chumba kitafungwa. Miezi ikapita bila mwalimu mwingine kuletwa. Wazazi wakaenda kwenye bodi wakiongozwa na fundi, na inasemekana alitaja, kwa upole, kwamba mlango wa ofisi yao ungependeza ukizibwa. Mwalimu mpya alifika wiki ya pili. Mama Brashi alimkagua kama mkwe, akamtazama anavyoshika penseli, akaguna, tukajua amepita.

Ijumaa iliyopita alimkabidhi ufunguo. Jumatatu asubuhi, nikiwa mlangoni mwa maktaba, nilimwona amesimama nje ya chumba kile, anabisha hodi. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona akibisha mlango ule. Mwalimu mpya alipomkaribisha, alieleza kwamba yeye ni mzazi tu, amekuja kujitolea kama kuna kazi. Kazi ilikuwepo. Akapewa brashi za kuosha.

Asante, Mama Brashi, kwa kila ulichotupa na kila ulichoazima. Tunakuombea uzee mwema, afya na wajukuu watundu. Na mlango ule, dada yangu, usiubishe tena. Ingia tu.