Kibao Kinachotazama Msitu

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, ila wanaolikalia hawanyolewi. Wanakunywa kahawa ya Mama Vikombe, wanafutia mikono taulo zangu, na hakuna wasichokijua. Jioni ile alikuwepo Redio, ambaye hazimwi, na Fundi seremala, aliyeegemeza kibao ukutani kwangu kikauke vanishi. Kilikuwa cha ile kambi ya mahema pembeni ya msitu, ambako binti yake anapokea wageni na kulala huko huko. Kila mwaka Fundi hukikwangua na kukipaka upya, kwa sharti moja la mwenye kambi: kirudi kabla jua halijazama. Jua lilishafika kwenye mabati ya jirani na vanishi bado inanata. Mimi nilikuwa na mteja mgeni kitini, nimeshamnyoa nusu kichwa.

— Kimeandikwa nini? aliuliza Mama Vikombe, ambaye miwani yake imevunjika.

— "Kambi imejaa. Hakuna nafasi," Redio akasoma. Kibao gani hiki cha kufukuza wateja, Fundi?

— Hakitazami barabara. Kinatazama msituni.

— Kuna njia huko?

— Hakuna.

Nilizima mashine. Nataka kusikia vizuri upuuzi unaosemwa kwenye benchi langu.

— Hicho ni cha nyani, Redio akasema.

— Nyani wanasoma, shemeji?

— Mama Vikombe, unawadharau bure. Lakini Fundi, mbona herufi hazina rangi?

— Mwenye kambi alikataa rangi. Alitaka mninga, maana mbao laini mchwa hawaiachi, na herufi zichongwe mpaka kidole kiingie.

— Kidole cha nani?

— Sikuuliza. Kazi ni kazi.

Mama Vikombe akainama kukitazama kwa karibu.

— Hii vanishi umeipaka vibaya. Ndani ya herufi mbao imelika.

— Nimepaka sawasawa. Inalika hapo hapo kila mwaka, Fundi akasema taratibu. Kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Pembeni hakuguswi.

— Mvua hiyo.

— Redio, mvua inafuata mstari?

Redio akashusha kikombe. Mtu huyu akikosa jibu hutunga.

— Basi ni wale waliolala pale zamani, kabla hapajaitwa kambi. Wanarudi kuulizia nafasi zao. Giza limeingia, hawaoni, wanapapasa. Wakikuta pamejaa, wanaondoka. Watu wastaarabu kuliko nyinyi mnaong'ang'ania benchi la mwenzenu.

Tukacheka. Fundi hakucheka.

— Samahani wazee wangu, mteja wangu akasema. Kibao si ndicho hiki hapa? Sasa huko kambini, jioni hii, wanapapasa nini?

Mama Vikombe akainamisha birika juu ya kikombe cha Redio, halikutoka hata tone. Niliogopa, sioni haya kusema. Fundi akapiga simu na kufungua spika, vidole vyake vikiwa na vanishi.

— Baba, usijisumbue kukileta leo, binti akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha. Kazi imechanganya huku. Asubuhi nilikuwa na familia mbili tu, mahema yakawa yanakaa bure. Sasa hivi wameingia wengine, karibu yote yamejaa. Wapole hao, baba, hata hawaongei. Wameniuliza kwa ishara kama kuna nafasi, nikawaambia ipo.

— Wamekuja na gari gani, mwanangu?

— Ngoja nitazame.

Tukasikia zipu ya hema, kisha nyayo kwenye changarawe, kisha nyayo zikasimama.

— Baba, magari ni yale yale ya asubuhi.

Fundi alikwapua kibao kikiwa kibichi, akakimbia nacho kifuani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati.