Mama Nikione na Mashine Iliyokwenda Ofisini kwa Meneja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mfasiri mkuu wa meza ya Kiswahili, ambaye ofisi nzima humwita Mama Nikione, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Tunasema rasmi kwa sababu kwa njia isiyo rasmi ameshaaga mara kadhaa tangu mwezi uliopita, na kila mara amerudi kwa kisingizio cha mwavuli. Kamati ya sherehe imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu imepakana na yake muda wote huo, na nikaonywa nisitie chumvi. Sijatia. Chumvi alikuja nayo mwenyewe siku ya kwanza.

Kwa wageni walioalikwa leo, ofisi yetu hutafsiri vijitabu vya maelekezo: vile vinavyolala chini ya kila pasi, friji na feni mpya, na ambavyo ninyi wateja huvitupa pamoja na boksi. Kiingereza huingia kwa mlango mmoja, kisha hugawanywa kwa meza ya Kifaransa, ya Kiarabu, ya Kijerumani na ya kwetu. Kila meza ina namna yake ya kuhangaika. Ya Kifaransa huvuta sigara uani, ya Kiarabu hupiga simu kwa mjomba. Mama Nikione yeye hukunja mikono na kusema hatafsiri neno hata moja mpaka kifaa chenyewe kiletwe. "Nikione kwanza," husema, na hapo ujue mjadala umekwisha. Jina lake limetokana na hapo.

Ndivyo tulivyopata Chumba cha Kujaribia, kile cha mwisho wa korido chenye sinki na soketi tatu, moja ikiwa nzima. Yeye ndiye aliyekipigania mpaka kikapatikana. Humo ndani amelalia kitanda cha hospitali, akabonyeza kitufe asichokijua, kitanda kikamkunja magoti mpaka kidevuni, na mama wa chai akamkuta hivyo anaendelea kuamuru aletewe kalamu. Humo pia alimkalisha mlinzi wa getini ili aone mashine ya kunyolea inavyofanya kazi. Chaji ikaisha katikati ya kichwa. Mlinzi alilinda geti kwa siku mbili akiwa na nywele upande mmoja, na inasemekana katika siku hizo hakuna mwizi aliyethubutu hata kusogea.

Kuna pia ile mashine ya mazoezi yenye mkanda unaozunguka. Alipanda juu yake na viatu vya kisigino, mkoba begani, akaniambia niwashe. Niliwasha. Sitasimulia zaidi, maana wajukuu wake wapo ukumbini.

Lakini haki isemwe. Vijitabu vyake vilikuwa vinaeleweka. Wateja walitupigia simu kushukuru, jambo ambalo katika kazi yetu ni nadra kuliko mvua ya mawe. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo ni kuchelewa. Pasi ya kawaida, yenye vitufe viwili, iliwahi kumchukua wiki mbili, kwa sababu ilibidi aijaribu kwa pamba, hariri, sufu na suruali ya mume wake. Meneja wetu, kijana makini anayevaa shati jeupe hata siku ya kuhamisha makabati, alikuwa na haki ya kuumwa kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu Meneja akatangaza mambo mawili. La kwanza, kila neno la Kiingereza litakuwa na tafsiri moja tu, iliyokubaliwa, ili kazi iende haraka. La pili, Mama Nikione akistaafu, Chumba cha Kujaribia kitafungwa na kuwekwa makochi ya kupokelea wageni. Mama alikwenda kwenye Chumba cha Kujaribia akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Mimi nilijua ameumia. Aliniambia baadaye kwamba kustaafu hakumtishi hata chembe. Kinachomtoa usingizini ni kuondoka halafu chumba kife nyuma yake, kama vile miaka yote ile alikuwa anacheza tu.

Anayestahili lawama kwa ile kanuni ya kwanza ni jirani yetu wa meza ya Kijerumani. Meneja alikuwa amemuuliza neno la Kiingereza "run" yeye anaandikaje, maana limejaa katika kila kijitabu kama mchanga kwenye mchicha. Mjerumani wetu, ambaye si Mjerumani bali alisomea huko, akajibu kwa majivuno kwamba kwake mashine inakimbia, maji yanakimbia, na hata pua ya mtoto mwenye mafua inakimbia. Neno moja, biashara imekwisha. Yule wa Kifaransa akaingilia kwamba kwao mashine haikimbii bali inatembea, kwa sababu wao ni watu wa staha. Maji na pua ndivyo vinavyotiririka. Yule wa Kiarabu akasema kwao mashine inafanya kazi. Mama Nikione akampa mkono wa pongezi, akisema kwamba kwetu pia inafanya kazi, ila maji yanatoka, makamasi yanatoka, rangi ya nguo inachuja, gari la abiria linapita, biashara inaendeshwa, sabuni inaisha, na mgombea anagombea. Meneja alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa ameandika "kimbia" na kupigia mstari.

Basi ikaja mashine ya kufulia. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya Mama, na kijitabu kilitakiwa kiwandani haraka. Meneja aliamua kukitafsiri mwenyewe kwa kanuni yake, ili kuonyesha mfano. Nimepata ruhusa yake kunukuu rasimu: "Usiiache mashine ikikimbia bila mtu wa kuiangalia. Funga bomba ili lisikimbie. Nguo nyekundu hukimbia, zitenge." Mama alipofika kwenye hizo nguo nyekundu ilibidi avue miwani na kushikilia meza. Kisha akafuta machozi ya kicheko, akaagiza mashine yenyewe ipelekwe Chumba cha Kujaribia. Meneja akasema hakuna muda. Mama akasema, "Baba, niache niione, halafu nitakuachia kila kitu." Meneja ana mama yake mzazi nyumbani, anajua sauti ile inamaanisha nini. Akarudi ofisini kwake na kijitabu, nakala pekee tuliyokuwa nayo, akafunga mlango.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo Mama hapendi lisemwe. Yeye huwa hasomi kijitabu kabla ya kukiona kifaa. Anadai kusoma kwanza kunaharibu macho, kwani unaanza kuona ulichoambiwa badala ya kilichopo. Kwa hiyo aliunganisha mpira wa maji, akachomeka waya, akatafuta nguo za kujaribia. Mapazia meupe ya Meneja yalikuwa yameshushwa yakingoja kufuliwa, akayatia. Mama wa chai akatoa kitambaa chake cheupe cha meza na kingine chekundu, Mama Nikione akavitia vyote. Akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote.

Kwa muda mashine ilitulia kama mgeni aliyekaribishwa. Ikanguruma, ikazungusha, Mama akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika na kunitajia maneno niandike. Halafu ikafika hatua ya kukamua. Ikatetemeka. Ikaruka kidogo mguu wa kushoto, kisha wa kulia, ikatoka ukutani, ikaelekea mlangoni. Mama aliikumbatia kwa nyuma kwa nia ya kuizuia, ikaenda naye. Mimi nilikaa pembeni, maana mtu mwenye akili hasimami mbele ya kitu kizito kilichokasirika. Ikavuka korido, mpira wa maji ukachomoka, ikajigonga kwenye mlango wa Meneja ulio mkabala. Waya ukafika mwisho, umeme ukakatika. Hapo namtetea Meneja waziwazi: siku ile mashine ilikimbia, na hakuna neno jingine.

Mlango wa Meneja hufunguka kwa nje. Mashine ilikuwa bado ina maji mengi ambayo haikuwahi kuyatoa, na imeuegemea kwa uzito wake wote. Tulisukuma mimi, Mama, mama wa chai na mlinzi, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshaota. Haikusogea hata unywele. Kutoka ndani Meneja akauliza kwa sauti ya ofisi nani yuko mlangoni. Mama akajibu, "Ni mashine, baba. Imekuja kukuona."

Zikapita dakika za kelele ambazo sitaziandika. Ghadhabu zilipopungua, ikabainika kwamba ili mashine isogee lazima maji yatolewe, na namna ya kuyatoa imeandikwa kwenye kijitabu, na kijitabu kiko ndani na Meneja. Akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma kuna kijimlango chini. Mama akapiga magoti kwenye maji, akakitafuta, akasema hakipo. Meneja akasoma tena, taratibu, akasema kiko upande wa kulia. Mama akauliza kulia kwa nani, kwa mashine au kwa mtu anayeitazama? Kurasa zikapekuliwa ndani. Meneja akakiri kwamba kijitabu hakisemi. Mama akakipata, akamwambia aandike "upande wa mkono wako wa kulia ukiikabili mashine". Tukasikia kalamu ikiandika.

Maji yakatoka, tukayabeba kwa mabeseni. Meneja akarudi ukurasa wa pili ambao alikuwa ameuruka katika kusoma, akasoma kwamba nyuma ya mashine kuna vyuma vinne vinavyolishika pipa la ndani wakati wa safari, na visipofunguliwa kabla ya kuiwasha, mashine itahama mahali ilipo. Kiingereza kiliviita "bolts", naye katika rasimu yake alikuwa ameandika makomeo, kama ya mlango, na akatuuliza, kwa unyonge kidogo, kama kweli mashine ya kufulia ina makomeo. Mama akazunguka nyuma. Vilikuwepo vyote vinne, bolti zenye vichwa vyekundu, zinamtazama. Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ni bolti, baba. Na mimi nilipaswa kusoma kwanza."

Meneja akajibu kutoka ndani, "Na mimi nilipaswa kuziona, mama."

Kutoka hapo waliendelea. Yeye anasoma, Mama anatazama, anashika, anafungua, anamrudishia neno; yeye analikataa, Mama analitetea, wanapata jingine lililo bora. Maji yakawa yanatoka, mashine ikawa inafanya kazi, sabuni ikawa inaisha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimelowa mpaka kiunoni. Mlinzi alishaisogeza mashine zamani na mlango ulikuwa huru kabisa, lakini hakuna kati ya hao wawili aliyegundua mpaka ukurasa wa mwisho. Kijitabu kile ndicho bora kuwahi kutoka ofisini hapa, na kilitoka siku hiyo hiyo.

Meneja alipofungua mlango alikanyaga maji kwa soksi. Mama alikuwa anatoa nguo. Kitambaa cheupe cha mama wa chai kilikuwa cha waridi, na mapazia ya ofisi yalikuwa ya waridi pia, waridi ya harusini. Meneja aliyainua kwenye mwanga, akauliza kwa upole, hili linaitwaje. Mama akamwambia, "Nyekundu imechuja." Meneja akachukua kalamu akafuta "kimbia" katika mstari ule. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema makochi hayaji, chumba kinabaki, na kuanzia sasa kila kijitabu kitaingia mle na watu wawili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kutazama.

Mama Nikione, ambaye kitanda cha hospitali kilimkunja asinyamaze, alinyamaza. Alikaa juu ya mashine, akajifunika uso kwa pazia la waridi, akalia. Mimi nililia pia, na sioni sababu ya kulificha.

Mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu, ametuomba kwa siri tumwongezee mkewe mkataba, kwa kuwa ana wasiwasi na jiko lake la gesi. Mwalimu, ombi lako limepokelewa na kukataliwa. Umpokee, umvumilie, na ufiche viberiti.

Mama, kwa niaba ya meza zote, ahsante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuchekesha tulipokuwa hatuna hamu ya kucheka. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu watiifu. Jumatatu inaletwa mashine ya kukamulia matunda. Meneja ameomba awe wa kutazama, nami nitasoma. Tutaingia, tutafunga mlango, na nadhani kwa muda mrefu hakuna kati yetu atakayekuwa na moyo wa kubonyeza kitufe bila wewe.